Oili Nzito ya Injinia

Mtaa mzima ulimwita Injinia, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza ghala wa idara ya maji. Alitoa mabomba kwa mafundi waliokuja kuyachukua, na kabla ya kuyatoa aliwauliza maswali mengi kuliko waliyoulizwa siku ya kuajiriwa. Zamani hizo, siku moja, alirudi nyumbani akiwa amesahau kuvua kofia ngumu ya kazini. Majirani walimwona nayo, jina likamganda, na tangu hapo akawa anaisahau kofia ile kichwani karibu kila jioni, mpaka alipostaafu.

Alipostaafu alikabidhi ghala, akakabidhi na funguo. Ushauri ndio hakukabidhi. Alikuwa nao tele, na sasa alikuwa na siku nzima ya kuugawa. Aliwashauri watu juu ya mapaa yanayovuja, juu ya betri, juu ya namna ya kumwaga zege, na mtu akilalamika jino, alimtaka ataje upande. Hakutoza kitu, na bure ni bure, watu wakachukua.

Mkewe alikuwa wa namna nyingine kabisa. Alifanya kazi katika chumba cha nyuma cha duka la miwani, akikata na kusaga lenzi. Chumba chembamba, dirisha moja, mashine mbili, na kijibomba cha maji kilichopoza kioo kisichemke wakati kinasagwa. Ukitoka mle unatoka na unga mweupe kwenye nyusi. Watu walimwita Mama Lenzi. Kazi yake ilikuwa ya namba tupu: mtu akiandikiwa moja na robo, anapewa moja na robo, basi. Hajawahi kutokea mteja wa kumwambia, "Mimi niwekee nne kabisa, nataka kuona kwa nguvu."

Huyo hakuja dukani kwa sababu alikuwa nyumbani, amemuoa.

Gari lilikuwa la Mama Lenzi. Alilinunua yeye, dogo, la rangi ya fedha, la injini ndogo isiyopiga kelele. Lakini mipaka ya umiliki ilieleweka. Kuanzia usukani kwenda nyuma, lilikuwa la mke. Kuanzia boneti kwenda mbele, lilikuwa chini ya mamlaka ya Injinia. Na wakati wa kubadilisha oili kwa mara ya kwanza ulipofika, Injinia alitokea uani Jumamosi asubuhi amekumbatia dumu kama mtu aliyetoka kujifungua.

"Hiyo ni oili gani?" Mama Lenzi aliuliza.

"Oili ya kiume."

Mama Lenzi aliinama, akausoma mfuniko wa injini, pale pa kumiminia oili. Watengenezaji, watu waungwana, walikuwa wameandika juu yake kwa herufi nyeupe ili asipatikane wa kubahatisha. "Hapa pameandikwa sifuri dabliyu ishirini," alisema. "Dumu lako linasema ishirini dabliyu hamsini."

"Si unaona? Hamsini na ishirini, ipi kubwa?"

"Hamsini. Lakini wameomba ishirini."

Injinia alivuta pumzi ya mtu anayejiandaa kuwafundisha watoto. Alikuwa amevaa miwani aliyotengenezewa na mkewe mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na kisingizio cha kutoona. "Mke wangu, hiyo dabliyu ni ya baridi. Majira ya baridi. Hayo wameandikiwa watu wa theluji. Wewe unaiona theluji hapa?"

Mama Lenzi alitazama nje ya geti. Mbwa wa jirani alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha pipa la taka, ulimi nje. "Siioni."

"Basi. Joto kama hili, oili nyepesi inakuwa maji. Chukua asali, chukua maji. Kipi kinashika?"

"Kinashika nini?"

"Kinashika tu! Chuma na chuma vikisuguana vinataka kitu kizito katikati."

Mama Lenzi aliingia ndani ya gari, akatoa kile kitabu kinachokuja na gari, ambacho Injinia alikiheshimu kiasi cha kutokigusa kamwe. Akasoma kwa sauti. Namba ya kwanza inasema oili inatiririka vipi injini ikiwa bado baridi, asubuhi unapowasha. Namba ya pili inasema inabaki nzito kiasi gani injini ikishachemka. Na injini hii, kitabu kilisema, njia zake za oili ni nyembamba, ndiyo maana inataka oili nyepesi inayofika upesi kila mahali.

Injinia alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kubwa. Kisha akamimina ishirini-hamsini yake yote.

Kesho yake asubuhi Mama Lenzi alipowasha, injini ilitoa mlio wa vijiko vinavyogombana ndani ya sufuria. Ulidumu kidogo, ukapungua. Injinia alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Unasikia? Inazoea."

Ilizoea wiki nzima. Gari lililokuwa likiondoka kwenye taa kabla hajamaliza kufikiri sasa lilijivuta kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Petroli ikawa inashuka haraka. Mama Lenzi alisema. Mumewe akamwambia ni upepo wa mbele. Akasema tena; akaambiwa ni matairi. Akatazama lile gari, akamtazama na mumewe, na akafanya hesabu ambayo wake wengi wameifanya kabla yake: kubishana au kuishi.

Akaamua kuishi. Alikwenda gereji.

Fundi wa gereji ile alijulikana kwa jina la Sawasawa, kwa kuwa hakuwahi kukataa neno la mteja. Ukimwambia gari linataka breki, ni sawasawa. Ukimwambia halitaki, ni sawasawa pia. Ndiye aliyekuwa amemsaidia Injinia kumwaga ile oili ya kwanza, na wala hakushtuka Mama Lenzi alipomtaka amwage na hii, aweke sifuri-ishirini.

"Sawasawa, mama. Na Injinia akiuliza?"

"Mwambie ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo chochote atakachouliza."

Kwa Sawasawa hiyo haikuwa kazi ngumu. Oili nzito iliyomwagwa ilikuwa bado safi, na Sawasawa hakuwa mtu wa kutupa kitu kizuri. Siku hiyohiyo aliimimina kwenye pikapu ya Magodoro, jirani yao aliyeuza magodoro. Pikapu ile ilikuwa kuukuu, imelegea kila mahali, inatoa moshi wa bluu mpaka waliokuwa nyuma yake wakafunga vioo. Magodoro aliambiwa, "Hii ndiyo oili anayoisifu Injinia," akakubali. Moshi ukapungua. Injini iliyokuwa ikigongagonga ikatulia. Vyuma vyake vilikuwa vimeshalika, vimeachana, na kitu kizito katikati ndicho hasa vilichokitaka.

Gari la Mama Lenzi nalo likarudia ukimya wake.

Basi tena. Injinia alisimama uani asubuhi, akasikia injini ya mkewe ikiwaka bila hata kunong'ona, akamwona na Magodoro akipita bila moshi, akipiga honi ya shukrani. Mtu mwingine angeshangaa kidogo. Injinia hakushangaa. Alikuwa amesubiri siku hii tangu enzi za ghala.

"Nilikwambia inazoea," alimwambia mkewe.

"Ulisema kweli," alijibu Mama Lenzi. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akaongeza, "Linaenda vizuri sana, mume wangu. Ile oili yako si mchezo."

Alikusudia kumvika kilemba cha ukoka kwa asubuhi moja tu. Injinia alikivaa mwezi mzima. Alikwenda nacho kwa kinyozi, akakaa nacho kwenye benchi la duka la jumla, akasimamisha nacho watu wasiokuwa na gari. Alizungumza juu ya oili kwa macho yaliyolegea, kama mtu anayekumbuka ujana. Na kila mara alimalizia kwa ushahidi: "Kamwone mke wangu. Kamsikilize mke wangu anavyowasha."

Miongoni mwa waliosikiliza alikuwa mdogo wake wa kike, wifi yake Mama Lenzi. Alikuwa mkunga katika hospitali iliyokuwa juu ya kilima, mwanamke mwenye haraka, asiyependa upuuzi, ambaye kwa bahati mbaya alimpenda kaka yake. Alikuwa amenunua gari la aina ileile, injini ileile. Jumapili moja alikuja kunywa chai, akauliza aweke oili gani.

Injinia alikaa sawa kitini. Alieleza juu ya asali na maji. Alieleza juu ya theluji. Mama Lenzi alikuwa ameshika birika, akimmiminia wifi yake chai, na mkono wake ulitulia kabisa. Hata tone halikumwagika. Mara mbili alifungua mdomo. Mara ya kwanza alisema, "Ongeza sukari?" Mara ya pili alisema, "Biskuti zimo kwenye kopo." Alijiambia atampigia simu kesho. Kesho kulikuwa na miwani mingi. Keshokutwa alijiambia huenda wifi ameshasahau.

Wifi hakusahau. Mkunga akiambiwa dawa, anatumia.

Ilipita kama wiki tatu hivi, tena Jumapili, ndipo waliposikia pikapu ya Magodoro ikiingia uani taratibu. Ilikuwa inavuta kitu kwa kamba. Kilichovutwa kilikuwa gari la wifi, na ndani yake, ameshika usukani wa gari lisilowaka, alikuwa wifi mwenyewe, ametoka zamu, bado na sare ya kazi.

Magodoro alishuka anacheka. "Injinia! Ona mashine yangu! Imepanda na kilima, imeshuka na mzigo, haijakohoa! Oili yako, bwana, Mungu akubariki."

Injinia aliinua mkono kupokea baraka. Wifi alishuka, akabamiza mlango.

"Taa ya injini imewaka tangu juzi," alisema. "Kila asubuhi lilikuwa linagonga kama karakana ya bati. Leo nakwenda zamu, limefika katikati ya kilima likakataa kuvuta. Linanguruma, haliendi. Nyuma yangu watu wanapiga honi. Nimepanda kilima kwa miguu, kaka, na viatu hivi. Mwenzangu amekesha na wazazi usiku kucha, akaningoja na macho yamevimba, wodi ina wanawake wawili wako tayari. Nimemwambia nini? Nimemwambia kaka yangu ni injinia."

Injinia alifungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakitazama juu, akakitazama chini, akakinusa. Nusura akionje.

"Tatizo nimeliona," alisema.

"Nini?"

"Haijawa nzito ya kutosha."

Magodoro aliitikia kwa kichwa. Injinia akaendelea: kuna chupa ya dawa dukani, nzito kama lami, unaiongeza juu ya oili, injini inatulia kama mtoto aliyenyonya. Aende akaichukue sasa hivi, wamimine yote. Na kama wifi ana wasiwasi, ajiulize jambo moja: gari la mke wake linatumia oili hiyohiyo, na linakwenda kama ndoto. "Gari moja, oili moja. Ila yeye anajua kuendesha. Wewe unalikanyaga kama cherehani."

Wifi aliuma mdomo, akatazama chini, na Mama Lenzi akaona kwamba mwanamke huyu, aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa bila kupepesa jicho, yuko karibu kulia kwa sababu ameambiwa hajui kuendesha gari lake.

"Oili si moja," Mama Lenzi alisema.

Injinia aligeuka. "Si moja vipi?"

"Ile yako niliimwaga. Wiki ileile. Nikaweka iliyoandikwa kwenye mfuniko."

Magodoro, ambaye hakuwa mwepesi wa kutambua wakati wa kuondoka, aliuliza, "Sasa ile iliyomwagwa ilikwenda wapi?"

"Unayo wewe," Mama Lenzi alimjibu. "Na inakufaa. Injini yako ni kuukuu, imelegea, oili nyepesi ingevuja na kuungua. Hizi ndogo mpya zinabanwa na oili nzito. Haipiti."

Magodoro alitazama pikapu yake kama mtu aliyeambiwa koti alilovaa ni la marehemu. Kisha alifungua kamba, akasema ana mteja, akaondoka. Bila moshi.

Mama Lenzi alidhani dhoruba itatoka kwa mumewe. Ilitoka upande wa pili.

"Wifi," alisema mkunga, polepole kabisa. "Kaka namjua. Tumelelewa pamoja. Kaka anaweza kuniambia nitie asali kwenye injini na akalala usingizi mzuri. Lakini wewe ulikuwa unajua. Ulikaa palepale, ukanimiminia chai, ukaniuliza sukari."

"Ni kweli."

"Ulinionaje? Au ulitaka niharibikiwe mimi ili wewe usigombane naye?"

Mama Lenzi alitafuta jibu, na yote aliyoyapata yalikuwa ya kujipendelea. Alikuwa amejihesabu siku zote kuwa mtu wa ukweli. Kumbe ukweli wake ulikuwa wa vioo tu. "Nilitaka amani ya nyumba," alisema. "Nikailipia kwa gari lako. Nisamehe, wifi."

"Nitaona," alisema wifi. Akaenda kuosha uso.

Injinia hakusema neno siku ile, jambo lililowatisha majirani kuliko kelele yoyote. Alikaa uani kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono magotini. Mwanamume mmoja alipita akamuuliza rangi gani inafaa ukuta wa jikoni, akajibiwa, "Yoyote." Mtu yule alirudi kwake na wasiwasi.

Jioni mkewe alimletea chakula palepale kwenye ndoo, akaketi karibu yake juu ya tairi.

"Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," Injinia alisema hatimaye.

"Nimekupaka."

"Mbele ya mtaa mzima."

"Na wewe ukang'aa."

Alitafuna kidogo. "Ungeniambia."

"Nilikuambia. Nilikusomea mpaka kitabu."

"Mara moja tu."

"Ulitaka mara ngapi?"

Injinia alilifikiria swali lile kwa uaminifu, pengine mara ya kwanza katika ndoa yao. "Ya pili ningekubishia. Ya tatu ningekasirika," alisema. "Ya nne, labda, ningekwenda kuusoma mfuniko peke yangu, wewe haupo."

Mama Lenzi alicheka, akajizuia, akashindwa. Injinia hakucheka, ila alimsogezea kipande cha nyama, na katika nyumba ile hiyo ilikuwa barua ya kuomba radhi yenye muhuri.

Gari la wifi lilikwenda kwa Sawasawa, likamwagwa ile oili nzito, likasafishwa, likawekwa oili yake na chujio jipya. Sawasawa alipoulizwa kwa nini hakumwonya mkunga siku alipomwekea ile nzito, alisema, "Alisema nzito, nikasema sawasawa." Hakuwa na hatia ya kitu chochote, kama kawaida ya watu wa aina yake. Taa ya injini ilizimika, kugonga kukaisha, na injini, ambayo haina kinyongo kama binadamu, ikapanda kilima.

Wifi alichelewa kidogo kuliko injini. Siku zote ambazo gari lake lilikuwa gereji, Mama Lenzi aliamka alfajiri kumpeleka zamu. Mwanzoni walikwenda kimya, redio ikiongea peke yake. Siku moja walipokaribia hospitali, wifi alivua miwani yake, akaisugua kwenye sare, akasema kijiti cha upande kimelegea. Mama Lenzi alisema ailete dukani. Wifi akasema hana muda, achukue tu sasa hivi, leo atavumilia ile yake ya zamani, ila jioni airudishe, asije akamzalisha mtu kwa kupapasa. Ndiyo salamu ya kwanza aliyompa tangu Jumapili ile, na Mama Lenzi aliipokea kwa mikono miwili.

Injinia naye alipona, tena upesi mno. Haikupita muda akaonekana kwa kinyozi akieleza kwamba yote yale yalikuwa utafiti. Alikuwa anailinganisha oili nzito na nyepesi kwenye magari mawili ya aina moja, kwa kushirikiana na mkewe, na matokeo yametoka: nyepesi ndiyo mwisho wa mambo. Nzito ni ushamba. Mtu yeyote anayeweka ishirini-hamsini hadi leo anaua injini kwa mikono yake.

Magodoro aliisikia habari hiyo, akaja mbio na dumu la sifuri-ishirini begani, Jumamosi asubuhi, wakati Mama Lenzi anaosha vioo vya gari lake.

"Injinia, nimeleta. Tumwage ile ya zamani?"

"Leta, leta," alisema Injinia, akikunja mikono ya shati.

"Hapana," alisema Mama Lenzi.

Aliisema kwa sauti ya kawaida, lakini mbele ya mtu wa nje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kitambaa kilikuwa mkononi, maji yanatiririka kwenye kiwiko. Injinia alibaki na mkono mmoja umekunjwa, mwingine bado.

"Hiyo irudishe dukani, shemeji," Mama Lenzi alimwambia Magodoro. "Pikapu yako ukiipa oili nyepesi, kesho utarudisha ule moshi, na keshokutwa oili yote itakuwa chini. Baki na ulichonacho."

Magodoro alimtazama Injinia, akimngojea atoe hukumu. Injinia alimtazama mkewe, akalitazama dumu, akaitazama pikapu kuukuu iliyokuwa imetulia getini. Kidevu kilipanda, kikashuka.

"Msikilize shemeji yako," alisema.

Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kuondoka mikono mitupu, alimshika Magodoro bega, akamvuta kando, akamwambia kuwa kwa maoni yake tatizo kubwa la pikapu ile si oili hata kidogo, ni upepo wa matairi. Mama Lenzi aliyasikia, akachovya kitambaa kwenye ndoo, akaendelea kuosha. Upepo wa matairi ungeweza kusubiri mpaka mchana.